Maji ya Gari la Zahanati

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali mjini Machakos sikushika spana. Msimamizi, mtu mfupi mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe, alinipa gasketi ya hedi iliyoungua, akaniambia nikae juu ya tairi niitazame mpaka nijue imeungulia wapi. Nilimwona hana akili timamu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na hamu ya kufungua injini, naye ananipa takataka.

Ninyi mnaoagiza vipuri kwa simu, sikilizeni. Injini ina bloku chini, pistoni zinamopanda na kushuka, na hedi juu yake kama kifuniko. Katikati hukaa gasketi, bamba jembamba lenye matundu, linalozuia moto, oili na maji visikutane. Ikiungua, maji huingia kwenye oili ikawa rangi ya chai ya maziwa, na redieta, kile kipoza maji ya injini, hutoa mapovu. Hedi nayo hupinda kwa joto, kwa hiyo tuliipima kwa rula ya chuma kabla ya kuirudisha. Bolti tulikaza kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa spana ya kupimia nguvu. Anayekaza kwa nguvu za kifua ajiandae kufungua tena.

"Gasketi haiungui yenyewe," Msimamizi alizoea kutuambia. "Kuna kitu imeiunguza. Usipoijua hiyo kitu, unabadilisha bati tu."

Baadaye nilihamishiwa Konza, chini ya Mkuu wa Kituo aliyependa magari yang'ae kuliko yatembee. Sikudumu. Msimamizi wangu alikuwa amestaafu serikalini na kuchukuliwa na karakana ya misheni, akaniita. Nilifurahi kama mtoto, ingawa nilijua matusi yananingoja.

Huko ndiko gari la wagonjwa la zahanati moja ya milima ya Kangundo lilipotusumbua. Nilibadilisha gasketi, likaungua. Nikabadilisha tena, likaungua tena. Liliporudi safari ya tatu, kamati ya zahanati ilikuwa imeshaamua kwamba Mutua, dereva, analiendesha likichemka, na ingekutana kumfuta kazi. Mutua alikuwa mpole, mwenye watoto shuleni na mama mgonjwa. Roho iliniuma, kwa sababu sikuwa na la kumtetea.

Msimamizi hakuniruhusu kugusa hedi. "Enda huko kwanza. Ukae, uone hii gari inaishi aje."

Nikaenda. Tulilirudisha gari polepole, na asubuhi Mutua akalipangusa, akafungua boneti, akajaza redieta kwa uangalifu wa kumnywesha mgonjwa. Mimi nilikuwa nimeshika grisi, nikaenda kunawa bombani. Sabuni ikakataa kutoa povu. Nilisugua, nikasugua, mikono ikabaki na utando mweupe.

"Mutua, haya maji ni ya wapi?"

"Ya borehole, kile kisima cha pampu. Iko na chumvi, fundi. Ya kunywa ni ile ya mvua, ya tangi."

"Na gari unaipatia gani?"

"Hii ya borehole. Ya mvua ni ya watu."

Kwetu Ukambani, nani angemlaumu? Maji ya mvua hufungiwa kwa kufuli. Kuyamwagia chuma ni kama kumpa mbuzi chapati. Niliitoa redieta, nikaipasua. Vijia vyake vilikuwa vimezibwa na ukoko mweupe mgumu. Maji hayakuwa na pa kupita, injini ikachemka, na kila gasketi niliyoweka ikaungua.

Niliibeba hadi kwenye mkutano wa kamati, nikaeleza. Mwenyekiti alitikisa kichwa. "Basi ni yeye dereva amekuwa akiiwekea chumvi. Ni makosa yake tu."

Mutua aliinamisha kichwa. Hapo Sista, mkuu wa zahanati, akasimama na kuweka ufunguo mezani.

"Huu ni wa tangi. Mutua aliniomba maji ya mvua, nikamnyima. Nilimwambia gari haina kiu. Hajawaambia kwa sababu ananiheshimu. Kama kuna mtu wa kufutwa, anzeni na mimi."

Mwenyekiti alikohoa, akasema mkutano umekwisha. Tuliweka redieta mpya na gasketi mpya, tukajaza maji ya mvua yaliyochanganywa na kulanti, ile dawa inayozuia kutu. Gari halikurudi tena kwa ugonjwa ule. Mutua bado analiendesha.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Katelembo. Vijana hunijia na hedi zilizopinda, wakitaka niwatajie gasketi bora dukani. Nawauliza gari linalala wapi, linapanda mlima gani, nani hulitia maji. Wengine hukasirika, wakaona mzee amechoka. Na wakasirike.

Nilipokwenda kuwaaga watu wa zahanati kabla ya kustaafu, kiangazi kilikuwa kimekaza na tangi lilikuwa karibu kukauka. Sista alinikaribisha chai. Nilipoonja, uso ulinikunjika kabla sijauzuia. Ilikuwa ya chumvi.

"Pole, fundi," alisema, akinywa yake bila kukunja uso. "Ya mvua imebaki mtungi mmoja. Huo ni wa Mutua na gari yake."

Nilikimaliza kikombe, nikaomba kingine.