Mbono Nyuma ya Jiko

Mimi Mwanahawa sijui kunyamaza. Waulize watu wa Kitete nzima. Anayemwaga maji machafu njiani nitamsema, anayempiga mtoto ovyo nitamsema, hata sheikh aliporefusha hotuba Ijumaa ile ya mvua nilimtumia salamu. Na bado siku niliyotakiwa kusema neno moja tu, nilifunga mdomo. Ndiyo maana nakusimulia habari za jirani yangu Getruda na mumewe Raymundi na ile nyumba yao, ili unijue vizuri kabla hujanisifu.

Nyumba ilikuwa ya baba yake Raymundi, ya tofali mbichi, kuta nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani. Raymundi alikuwa mtu wa reli. Kituo chake Tura, kazi yake kubadilisha njia ili treni zipishane. Aliishi huko na mkewe miaka arobaini kasoro kidogo, na baada ya wazee kufa nyumba ya hapa ikaachiwa wapangaji. Wapangaji, jamani! Mmoja alipikia mkaa chumbani mpaka dari likawa jeusi tii. Mwingine alifuga bata sebuleni. Wa mwisho alihama na milango miwili, na mchwa wakamalizia kilichobaki.

Mwaka juzi wale wawili wakarudi, vyombo vyao vimefungwa kamba juu ya fuso. Raymundi alishuka akaanza kuwapigia kelele wapakuzi. Getruda hakuangalia hata nyumba. Alipita ubavuni, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akasimama kwenye mti wa mbono uliokuwa pale peke yake. Nikamfuata.

"Upo," akaniambia, mkono umeshika shina.

"Upo, shoga," nikamjibu.

Mbono ni mti wa uzio. Ukichomeka kijiti leo, mwakani una ua, na hakuna mtu wa Tabora anayeuhesabu kuwa mti wa maana. Lakini ule wa nyuma ya jiko nilikuwepo ulipochomekwa.

Ilikuwa mwaka themanini na nne. Getruda alikuja kutoka Tura kujifungulia mimba ya kwanza kwa mama mkwe wake, Bibi Eustadia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeolewa miezi mitatu tu nyumba ya pili. Uchungu ulimtesa siku mbili, na adhuhuri ya siku ya pili mtoto akatoka kimya. Getruda mwenyewe alikuwa hajitambui kwa kupoteza damu. Tulikuwa wanawake wanne mle ndani, mdogo mimi.

Wazee wale wa Kinyamwezi walikuwa na desturi yao. Mtoto wa namna hiyo hafanyiwi msiba. Haitwi padri, hakai mtu matanga. Wanawake wanamzika wenyewe, karibu na jiko, na mwanamume haambiwi ni wapi wala haambiwi chochote. Mama naye haonyeshwi mtoto, na akiuliza habari zake, walisema, uzazi unafunga. Bibi Eustadia alimfukia, akachomeka kijiti cha mbono, akatuapisha mmoja mmoja. Wenzangu watatu wote wameshatangulia. Nimebaki mimi.

Getruda hakuuliza, na uzazi ukafunga vilevile. Hilo linaniudhi mpaka leo! Alitii kila alichoambiwa, na hakushika mimba nyingine. Mahali penyewe alipajua kwa sababu alipoweza kuamka aliona kijiti kipya kimemwagiwa maji. Ndugu za mumewe walimwandama Raymundi aongeze mke. Aliwajibu kwamba mwenye hamu ya harusi aoe yeye. Hakurudia, na wao wakachoka.

Basi wazee hao wakaanza kuitengeneza nyumba, na mtu angedhani ni bwana harusi na bibi harusi. Waliezua bati zilizooza wakaweka za kisasa, za msauzi, nyekundu. Wakapiga lipu upande wa mbele. Raymundi alichagua vigae vya sebuleni, Getruda akavikataa, wakarudi dukani, akavikataa tena. Alitaka pazia za kijani. Alipanda asumini mlangoni na miche ya waridi kandokando ya njia, na kila jioni alimwagilia kwa kopo la mafuta lililotobolewa matundu.

Lakini mchana, akiwa na mchele wa kuchagua au viazi vya kumenya, alikwenda kukaa kwenye kigoda chake karibu na mbono. Raymundi alimtania kwamba ana veranda mpya yenye upepo na bado anakimbilia moshi wa jikoni. Alicheka tu.

"Nyumba afanye atakavyo," aliniambia siku moja. "Mimi nimerudi kwa ajili ya pale. Tura nilikuwa nafunga macho napaona. Nikae naye miaka iliyobaki, shoga, sitaki kingine."

Mwezi wa saba akaletewa habari kwamba dada yake Advera, aliyeko Ipole, anaumwa, hatoki kitandani. Akafunga kanga zake mbili. Kabla hajapanda gari aliniita pembeni. "Nitunzie pale," akasema.

"Nenda bila wasiwasi," nikamwambia. Mimi huyu.

Sasa Raymundi alikuwa na jambo lake moyoni. Getruda magoti yanamsumbua, na choo cha nje kiko mbali, mvua ikinyesha njia inateleza. Akaona ndiyo nafasi: mkewe akirudi akute choo cha ndani, hatua tatu kutoka kitandani. Akamleta fundi Nestori kutoka Ulyankulu, mtu mpole, kazi yake safi, siwezi kumsingizia. Choo cha ndani kinataka shimo nje. Mbele kuna bomba la maji. Kulia kuna ukuta wangu, kushoto kuna michongoma na jirani mkorofi. Ilibaki nyuma ya jiko.

Nilisikia sururu nikiwa nasonga ugali. Nilitoka na mwiko mkononi. Mbono ulikuwa umeshalazwa chini, mizizi juu.

"Shikamoo, mama," Nestori akanisalimu.

"Marahaba. Shemeji," nikamgeukia Raymundi, "huo mti si mngeuacha?"

"Mbono huu?" Akashangaa. "Haya si mabaki ya uzio wa marehemu mzee! Shemeji, usije ukamwambia. Nataka ashtuke. Amechoka kutoka nje na magoti yale, na mimi sina kingine cha kumpa."

Alikuwa anacheka, meno yake yaliyobaki yote nje. Nilimkumbuka Bibi Eustadia na kiapo chake, nikajiambia si juu yangu kukivunja, mwanamume haambiwi. Loh! Wazee wale wanaoza ardhini na mimi nawaogopa kuliko ninavyomwogopa shoga yangu aliye hai.

"Basi chimbeni pembeni kidogo," nikasema.

"Pembeni kuna mwamba, mama," akasema Nestori.

Nikasema ugali wangu unaungua. Haukuwa unaungua. Nilikuwa nimeshauepua.

Walichimba siku nne. Nilisikiliza kila siku, nikingoja mtu apige ukelele, na hakuna aliyepiga. Miaka arobaini, kichanga, kingebaki nini? Lililotoka ni udongo mwekundu, mzuri, unaonata, na Nestori akaufurahia. Ukuta wa chumbani kwa wazee ulikuwa umebomoka nusu kwa mvua na mchwa, na tofali mbichi hazipatani na saruji, zinataka tope. Akaumwagia udongo ule maji, yeye na mwenzake wakapandisha suruali, wakaukanyaga kutwa mbili. Wakainua ukuta nao, wakausiriba nao. Ukatoka umenyooka, huwezi kujua palipobomoka.

Getruda alirudi baada ya wiki tatu. Raymundi alimpokea stendi, akamwingiza chumbani, akamfungulia mlango mdogo uliokuwa haupo, akavuta maji yakalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la juisi.

"Ahsante, mume wangu," akasema. "Umenifikiria." Na kwa kweli alifurahi. Alicheka, akayafungua maji ya bomba, akayafunga. Kisha akauliza: "Na shimo limekwenda wapi?"

"Huko nyuma ya jiko."

Akatoka. Nikamfuata, Raymundi akabaki anafuta matone sakafuni. Pale palikuwa na zege la mraba, na bomba la kutolea hewa limesimama katikati. Kigoda chake kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Hakulia. Alisimama akaliangalia zege, kisha akaniangalia mimi.

"Mwanahawa," akasema.

Miaka yote ile sikuwahi kuitwa Mwanahawa na mwanamke huyu. Ilikuwa shoga, shoga yangu. Nilianza kujieleza, kiapo, mumewe alivyokuwa na furaha, ugali. Alininyanyulia mkono nikanyamaza. Akachukua kigoda chake akaingia ndani.

Kesho yake Nestori alikuja kumalizia madirisha. Getruda akamwuliza udongo wa shimo ulimwagwa wapi. Nestori, masikini, akadhani mama anataka kuukagua ubora.

"Haukumwagwa, mama. Wote umeingia kwenye ukuta wa chumbani kwenu. Udongo mzuri sana ule."

"Mliukanyaga?"

"Ndiyo, mama. Bila kukanyagwa haushiki."

Getruda akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akamletea chai na viazi. Mimi niliyaona na kuyasikia hayo kutoka kwangu, na nikatamani anitukane.

Wiki ile yote walipaka rangi. Sebule krimu, ukumbi krimu, mbele ya nyumba rangi ya anga. Raymundi alipaka mwenyewe, kofia ya gazeti kichwani. Getruda alishika ngazi. Zamu ya chumbani ilipofika alisema ukuta ule uachwe. Akasema hivyo Jumatatu, akasema hivyo Jumanne, bila sababu. Jumatano Raymundi akaja kunivuta mimi, ati nikamtie akili rafiki yangu.

Nilimkuta Getruda ameegemea ukuta mgongo mzima, mikono nyuma. Ule udongo mwekundu ulikuwa umempaka kwenye mabega ya gauni.

"Mwambie, shemeji," akasema Raymundi. Sauti ilikuwa imeanza kupanda. "Nyumba nzima nimeipendezesha kwa ajili yake, halafu chumba tunacholala kibaki kama banda la mbuzi? Watu wataniona mimi ndiye nimeshindwa! Getruda, nina kosa gani?"

"Huna kosa."

"Basi toka nipake."

"Usimpake," akasema Getruda.

Raymundi akasita, brashi inadondosha krimu sakafuni.

"Nani?"

Getruda akanitazama, na nikajua anakwenda kusema, na safari hii sikuwa na nia ya kumzuia. Alimweleza yote pale pale, kwa sauti ya kawaida kabisa: mbono ulichomekwa na nani, kwa nini alikuwa akikaa kule kwenye moshi, udongo wa shimo umekwenda wapi. Alisema, "Mtoto wetu yumo humu. Nestori amemjenga humu bila kujua, na wewe bila kujua. Sina pengine pa kumkuta."

Raymundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alionekana mzee ghafla. Brashi ilikuwa bado mkononi, imepaka shuka, na hakuna aliyejali.

"Nilirudi siku ya tatu kwa treni ya mizigo," akasema. "Nikamwuliza mama. Akaniambia hilo si lako, nenda kazini." Akajifuta uso kwa mkono wenye rangi. "Miaka arobaini nimekuwa nataka kukuuliza, nikaogopa kukutonesha. Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Getruda akageuza kichwa taratibu, akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yanauliza lile lile.

Miaka yote ile nilidhani anajua. Tumesuka mikeka pamoja, tumelia misiba pamoja, na kila tuliposimama kwenye ule mbono nilidhani tunamfikiria mtu mmoja, kumbe mwenzangu anafikiria giza.

"Hukuambiwa?" nikamwuliza.

"Na nani?"

"Wa kike," nikasema. "Nilimbeba mimi, kwenye kanga yangu, Bibi alipokuwa akichimba. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi. Na masikio..." Nikayavuta yangu mbele kwa vidole. "Masikio yake yalichomoza hivi, kama ya shemeji."

Raymundi akapeleka mkono wenye rangi kwenye sikio lake, akalishika. Getruda akaja akakaa kando yake. Akautoa ule mkono, akalifuta sikio krimu kwa ncha ya kanga, kisha akabaki analitazama.