Mgahawa wa Zamani Uliopakwa Rangi Kwa Ajili Yangu

Jamani, nimetoka Tunduma hadi Igamba kupiga picha mgahawa wa kahawa wa zamani, nimekuta kuta zinanuka rangi mpya.

Jana nilimpigia mwenyewe, Mama Tumaini, nikamwambia msibadilishe kitu. Akaitikia vizuri tu.

Leo viti vya mbao vimefichwa, vimekuja vya plastiki. Wazee wamevaa makoti ya kanisani, wamekaa wima kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Kahawa hawaigusi, wasije wakajimwagia.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Mgeni anakuja na kamera, nimwonyeshe uchakavu?"

Kisha akaiangalia jinzi yangu iliyochanika magotini.

"Na wewe mwanangu ungejiandaa kidogo. Ivue nikushonee."

Picha zote nimezipiga nimejifunga kanga yake. Haya, chekeni taratibu.