Mshono wa Kwapani

Wenzangu tuliocheza netiboli pekupeku miaka ile ya themanini mtaniunga mkono: enzi zetu jezi hainunuliwi, inashonwa. Na pale Kaloleni mshonaji alikuwa mama yangu, na cherehani yake ya miguu iliyolia barazani tangu asubuhi mpaka harufu ya dagaa, omena wetu, ianze kutoka kila jiko.

Mama alikuwa fundi wa nguo za kanisa. Kanzu za kwaya, magauni ya akina mama, vitambaa vigumu vigumu. Nguo ingepauka, ikachakaa, mshono ukabaki pale pale. Alijisifu bila aibu: "Uzi wangu haukatiki, yawa, jamani!"

Ndipo mwalimu wetu akaleta kitambaa cha kuvutika, chekundu, laini, cha fulana saba. Mama akakishona kama anavyoshona kanzu. Mechi ya kwanza mimi ndiye mfungaji, nikainua mikono. Praa! Kwapa nje. Nikarusha tena, la pili likaitikia. Wasichana wa Nyamasaria walicheka mpaka wakakaa chini. Nikamaliza mechi mikono imebana mbavuni, na mfungaji asiyeinua mikono ni wa nini jamani? Tulichapwa vibaya. Tungerudiana nao Jumamosi, na mshindi wa siku hiyo ndiye angeenda mkoani.

Majirani wakaanza: "Mama Akinyi siku hizi anashona na mate?" Nilimjua Mama, ilimuuma. Akapitisha uzi wa nailoni mara tatu juu ya mshono ule ule. Nikajaribu. Praa! Safari hii hata kitambaa kilichanika kando ya uzi. Nililia, nikasema sichezi tena.

Kesho yake akachukua soksi yangu ya shule, akaigeuza ndani nje, akaivuta, akaiachilia, akaivuta tena. Akacheka peke yake. "Nyathina, mtoto wangu, hii inavutika pamoja na uzi wake. Wangu umesimama tu kama askari!"

Akafumua mshono, akapunguza palipochanika, akalegeza skrubu ya kukazia uzi. Mkono mmoja mbele ya sindano, mwingine nyuma, akakivuta kitambaa huku miguu ikikanyaga polepole. Alipokiachilia kikajikunyata, na uzi ukabaki na nafasi ya kupumua. Kisha akaniamuru niivae fulana, nianike mablanketi yote ya nyumba kwenye kamba ya juu. "Inua! Inua kabisa!"

Jumamosi tulikuwa sare, dakika zinaisha, mpira mkononi mwangu. Wale wasichana wakaanza kuimba: "Praa! Praa!" Niliogopa, sitaki kudanganya. Nikainua mikono yote miwili mpaka mwisho. Mpira ukaingia, na makwapa yakanyamaza.

Mama alikuja mbio uwanjani. Hakunikumbatia. Alinishika mkono akauinua juu, akauzungusha umati mzima uone kwapa langu. "Tazameni! Nani alisema mate?" Sikuona haya hata kidogo. Mkoani tulikwenda.

Leo binti yangu hununua suruali iliyochanika magoti tayari, kwa bei ya nzima, eti ndiyo staili. Mama angemkimbiza na sindano! Cherehani za sasa zina kila aina ya mshono, unabonyeza tu. Zinashona vizuri, sikatai, ila hakuna anayekimbia uwanjani kuangalia kama mshono umeshika.

Juzi binti yangu aliitoa ile fulana sandukuni, akaivaa kwa mzaha. Nikamwambia ainue mikono. Akainua mpaka mwisho, nami nikatega sikio.

Kimya, Mama. Kimya kabisa.