Chungu cha Utumishi Uliotukuka

Nilipostaafu, wenzangu ofisini walinizawadia chungu cha maua cha saruji, tumbo kubwa, shingo nyembamba, kimeandikwa kwa rangi ya dhahabu: UTUMISHI ULIOTUKUKA. Nilikiweka barazani kwetu Mazwi, maandishi yakitazama barabarani ili waendesha bodaboda wanifahamu. Mke wangu akapanda ndani yake mche wa mlimau aliouchimbua kwao Mpui, chini ya mti wa marehemu mama yake. Mti ule baadaye ulikatwa. Ukabaki huu wetu.

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kumwagilia na kusifiwa. Majani yalipogeuka njano nikaamua mti una njaa, nikautilia mbolea ya mahindi. Ukazidi kunyauka, nami nikazidi kuwaeleza majirani habari za mabadiliko ya tabianchi. Mke wangu akachomeka kijiti kwenye udongo. Kikagoma.

"Humu hamna udongo, ni mizizi mitupu. Tuutoe, tuipunguze, tuuhamishie kwenye pipa."

Tukavuta. Shingo ya chungu ikakataa. Ama mti, ama chungu.

Naona haya kuandika, lakini nilichagua chungu. Nilisema, kwa sauti ile ya ofisini, kwamba miti ipo mingi. Tuukate, tupande mwingine.

"Sawa, Bwana Mkubwa. Mwaka huu mlimau wa mama. Mwakani nikinenepa mimi, usisahau shoka."

Hakucheka. Jioni ile chai ilikuja kikombe kimoja tu, chake.

Asubuhi nikachukua nyundo, nikaanzia upande usio na maandishi. Kile chungu kilikuwa imara kuliko utumishi wenyewe. Kilipopasuka, mizizi ilibaki imesimama na umbo la chungu, imejizungusha kama kamba. Mke wangu akashika kisu cha kuvunia ulezi, akakata iliyojisokota chini na ubavuni, akaichambua iliyobaki kwa vidole, akapunguza na matawi. Mimi nilitumwa samadi. Tukaupanda kwenye pipa kuukuu lililotobolewa chini, tukauweka kivulini.

Majani yote yakapukutika. Kila asubuhi nilikwaruza gome kwa ukucha, nikitafuta ukijani, huku kuku wakinywa maji kwenye kigae chenye neno ULIOTUKUKA. Mvua zilipokolea, nikaona vichipukizi viwili kwenye tawi la chini. Nikamwita mke wangu kwa kelele.

"Nimeviona tangu juzi," akasema. "Nilikuwa nangoja uvione mwenyewe."