Nilivyomlilia Mzee Twalibu

Aibu hii bora niwahadithie mwenyewe, maana mkingoja kuisikia mtaani Kibokoni mtaambiwa nilikuwa mke wa siri wa marehemu.

Kosa lilianzia kwa fundi cherehani. Harusi ya wifi yangu imekaribia, fundi ataka kunipima, na mimi kwa kiburi changu nikamtajia vipimo vya zamani (vya kabla ya watoto wawili na mahamri yasiyo idadi). Nguo ikakwama mapajani. Basi nikajitia kwenye siku saba za maji ya ndimu na matango, na kufika siku ya tano nilikuwa naona kizunguzungu, nagombana hata na paka, na nikilala naota viazi karai.

Siku hiyo ya tano ndiyo ilikuwa hitima ya Mzee Twalibu, muuza bizari wa Marikiti, ambaye mimi na yeye tulijuana kwa salamu tu. Nikaketi ndani na wanawake, Yasini yasomwa, mara harufu ya pilau ikaingia kutoka uani, na wallahi nikaangua kilio, si kile cha adabu, nililia kwa kwikwi mpaka nikashikwa mabega.

"Huyu yuwalia kumshinda mfiwa," jirani yangu Bi Zuhura akanong'ona (kunong'ona kwake husikika mpaka barabarani).

Nikainuka nitoke, chumba kikazunguka, nikaanguka puu! Nilipozinduka habari imeshafika kwa wanaume barazani. Nyuma ya pazia nikamsikia mume wangu akiita, "Fatuma!" Yeye, ambaye siku zote huniita Mama Salma. Nikaogopa kwelikweli.

Bi Rukia, mjane mwenyewe, akaniinamia. "Mwanangu, nambia kweli. Twalibu alikuwa nani kwako?"

Ningeweza kusingizia presha, lakini niliona ndoa yangu yaondoka hivihivi kwa sababu ya tango.

"Nisamehe, Bi Rukia. Mimi nalilia pilau. Sijala siku tano."

Akanitazama, kisha akacheka, akacheka mpaka machozi, yakageuka machozi ya kweli, akajifuta. "Hata Twalibu alinioa kwa pilau. Mleteeni sinia!" Akakaa nami hapohapo mpaka nikamaliza.

Nguo fundi aliiongeza kitambaa mapajani, na nimeapa nitampelekea mwili nilio nao, si ule ninaoukumbuka. Ila mpaka leo nikivaa buibui kwenda kilioni, mume wangu husimama mlangoni akaniuliza, "Mama Salma, umekula?"