Bunduki ya Ishirini na Bata wa Hitima Yangu

Juzi niliuma kijiwe kwenye wali. Aliyepika ni mkwe wangu, kwa hiyo nilikimeza kimya kimya kulinda ndoa ya mwanangu, lakini kabla hakijapita kooni ulimi wangu ulikuwa umeshakigeuza mara mbili kukikagua kama ni risasi. Mazoea hayo, ndugu yangu, niliyapata utotoni na hayajaniacha, ijapokuwa meno niliyobakiwa nayo sasa ni ya kuhesabu. Nilikulia kwenye nyumba ambayo mtu akila bata alitafuna kwa adabu, maana ndani ya nyama hazikukosekana punje moja mbili za marisau. Bibi alikuwa na kisahani chake pembeni cha kuzitemea.

Nyumba hiyo ilikuwa katika bonde la chini la Ruvuma, mto unapokaribia kuingia baharini, miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru, kabla vita vya Msumbiji, ng'ambo ya mto, havijaanza kutuletea wakimbizi. Nililelewa na babu na bibi. Juu kwenye mwinuko tulikuwa na mikorosho na mihogo, chini bondeni mpunga, na kati ya mpunga na mto lilikuwepo bwawa lenye matete na mayungiyungi. Mpunga ukianza kukomaa, bata mwitu walishuka kwa makundi, wale wenye nyuso nyeupe, wakipiga mluzi angani kama watoto waliofunguliwa shule. Babu aliwapenda kwa kuwatazama na kuwachukia kwa kazi yao. "Wanakula kwetu," alikuwa akisema, "na sisi tule kwao."

Silaha yake ilikuwa gobore la zamani, la kushindilia baruti mdomoni pamoja na vipande vya misumari. Gobore lile likilia, bata alianguka amekwisha kufa, na wakati mwingine kilichoanguka kilikuwa mabawa tu. Hapo ndipo palipokuwa na shida yetu. Sisi ni Waislamu, na ndege aliyekufa kabla ya kisu ni kibudu, haliwi. Ukubwani nimesikia kwamba wako wanazuoni wanaosema mwindaji akitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua, inatosha. Wanazuoni hao hawakuwahi kukutana na bibi yangu. Bata asiyepitiwa na kisu akiwa hai hakuvuka kizingiti cha jiko lake. Basi vibudu vya babu vilikwenda kwa mbwa wa jirani, mbwa akanenepa, na sisi tukaendelea na ugali wa muhogo kwa kisamvu, au ming'oko, ile mizizi ya porini, siku ambazo hata ugali ulikuwa wa mashaka.

Mwaka mmoja korosho zilikubali sana, na babu akapata kibali bomani cha kununua bunduki ya kweli. Jirani yetu mwenye mbwa, karani wa chama cha ushirika, alikuwa na bunduki kubwa ya marisau, ile inayoitwa kumi na mbili, akamshauri achukue kama hiyo. "Mzee wangu, bunduki ni sauti," alimwambia. "Ikilia, hata nguruwe wa Nanyamba wasikie." Babu akamwitikia vizuri kabisa. Asubuhi yake akachukua nyungo tatu za bibi bila kuomba, akanishika mkono, tukapanda lori la mizigo kwenda Mtwara.

Duka lilikuwa la Mhindi mmoja mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akatupangia bunduki tatu mezani: kumi na mbili, kisha ishirini, na ya mwisho nyembamba kama mwanzi, aliyoiita foteni, yaani nne-kumi kwa Kiingereza, yenye kipimo cha peke yake. Mimi niliyejiona najua hesabu nikamwona muuzaji kakosea. Ishirini iwe ndogo kuliko kumi na mbili? Akanieleza kwa uvumilivu kwamba Wazungu walihesabu gololi za risasi zenye upana wa mtutu, ni ngapi zinaingia katika ratili moja. Gololi zikiwa nyingi, basi kila moja ni ndogo, na mtutu ni mwembamba. Punje za marisau nazo ni hivyo hivyo, namba ikipanda punje inapungua. Nilitoka pale nikiamini kwamba mambo ya bunduki huhesabiwa kinyumenyume, na sijaona sababu ya kubadili mawazo.

Babu hakujali namba. Aliuliza swali moja. "Ipi inamwangusha bila kumuua?"

Muuzaji alivua miwani. Nadhani katika maisha yake yote hakuwahi kuulizwa hivyo na mnunuzi. Babu akamweleza habari ya kisu, na yule mzee, ambaye naye alikuwa mtu wa msikiti, akaelewa mara moja. Alimwachia mwanawe duka, akatuchukua hadi shamba lake nje ya mji, njia ya Mikindani. Babu akachora bata kwa mkaa kwenye kila ungo, akauegemeza ungo wa kwanza kwenye kichuguu na kurudi nyuma hatua thelathini.

Kumi na mbili ilipolia, ungo ulibomoka katikati na bata wa mkaa hakuonekana tena. "Kibudu huyu," akasema babu. Foteni ikatoboa ukingo mara chache tu, bata akabaki mzima. "Huyu yuko Msumbiji." Ikaja zamu ya ishirini, na marisau madogo ya namba saba. Matundu yalienea ungo mzima, madogo madogo, na bata wa mkaa alikuwa na mawili bawani na moja mguuni. Babu akaupapasa ungo ule muda mrefu kwa kiganja. "Huyu anatusubiri," akasema. Akachukua ishirini, na makasha mawili ya risasi: moja la marisau hayo madogo kwa ajili ya bata, jingine la makubwa, ya kutishia ngedere waliokuwa wakimaliza mahindi.

Bibi alipoziona nyungo zake aliketi chini. "Nilikuwa na nyungo, sasa nina machekeche," akasema, na hakumsemesha mumewe mpaka bata wa kwanza alipoingia jikoni, akiwa amechinjwa inavyotakiwa. Karani alipoiona bunduki alicheka akashika mbavu. Aliiita bunduki ya kike.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Babu alijikunja kwenye matete, mimi nyuma yake, kanga nimeikaza kiunoni. Bunduki ikilia, niliingia majini mbio, maji ya magoti, nikamkamata bata aliyevunjika bawa kabla hajajificha, nikambana mabawa na kumpeleka kwa babu moyo wake ungali ukidunda. Babu alimwelekeza kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Kazi yangu ilikuwa mbio. Kuchinja ilikuwa kazi ya wanaume, na hakuna aliyewahi kunikataza, kwa kuwa hakuna aliyefikiri ningejaribu. Hata bibi akiwa peke yake na kuku wake alisimama njiani na kisu mkononi, akimngoja mwanamume yeyote apite, awe hata mtoto wa miaka tisa mwenye makamasi.

Risasi za siku hizo zilikuwa na maganda ya karatasi ngumu iliyopakwa nta, na unyevu wa kwetu unaujua mwenyewe. Babu alizihifadhi zile ndogo ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana, na mchele mkavu chini yake. Kopo hilo nilikatazwa kuligusa. Nikaligusa.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa nimeumaliza msahafu, msichana wa kwanza kuhitimu katika chuo chetu. Desturi ilikuwa kumfanyia mwalimu na majirani karamu ya hitima, siku ya Ijumaa baada ya sala, na babu alikuwa ameshatangaza kijiji kizima kwamba watakula wali na bata. Mbuzi hatukuwa naye. Furaha yangu ilikuwa imenipanda kichwani. Mimi na wenzangu tukawa tunajizoeza kasida za siku hiyo, ila dufu hatuna. Nikamimina risasi kwenye kikapu kando ya ukuta, nikapiga kopo. Kopo lilitoa sauti nzuri sana. Usiku ikanyesha, makuti yakavuja palepale penye kikapu.

Alhamisi babu alipokwenda kuzichukua alizikuta zimevimba kama maandazi. Hakuna hata moja iliyoingia mtutuni.

"Nani kazitoa?"

"Mimi, babu. Tulitaka dufu."

Alinitazama, akazitazama risasi, akanitazama tena. "Haya, mke wangu," akasema. "Basi kesho wageni tutawapakulia kasida." Hakunipiga. Ingekuwa nafuu angenipiga. Risasi za karani zilikuwa za kumi na mbili, hazikutufaa, na Mtwara kulikuwa mbali. Zilizobaki zilikuwa zile za ngedere, ambazo babu alizifungia kwenye sanduku lake. Na wote wawili tulijua marisau makubwa yanamfanya nini bata. Angekufa mikononi mwangu kabla sijamfikisha kwenye kisu.

Asubuhi ya Ijumaa tulikwenda hivyo hivyo. Bata walikuwa wengi, lakini upande wa pili wa mkono wa bwawa uliojaa matope, ambao babu, kwa goti lake bovu, hakuweza kuuvuka. Akafyatua mara mbili. Wakaanguka saba. Nilivuka nikikimbia, nikamfikia wa kwanza, na nilipomwinua niliona jicho lake linaanza kufunga. Niligeuka. Babu alikuwa amejaribu kunifuata, akazama matopeni hadi mapajani.

"Babu, anakufa!"

Kisu kikapita juu ya matope kikiwa ndani ya ala yake, kikaangukia majani karibu nami. "Chinja wewe!"

"Mimi?"

"Sasa hivi! Jua liwe mkono wako wa kulia, mtaje Mungu, kata!"

Nikageuka hadi jua likawa kulia. Nikataja. Kisu cha babu kiliyumba, lakini kilikuwa kikali kuliko woga wangu. Nikamkimbilia wa pili, wa tatu, nikilia na kutaja jina la Mungu kwa pamoja, kila mmoja na bismillahi yake. Watano niliwawahi. Wawili niliwakuta wamekwisha kufa, nikawaacha kwenye matete, ingawa moyo uliniuma, maana watano ni wachache kwa kijiji.

Bibi aliwapokea, akageuza shingo moja baada ya nyingine. "Mbona kisu kimeyumba hivi? Nani kachinja?" Babu akamwambia, "Pika, mama. Nitasema mbele ya watu." Bibi alipika midomo ameibana, akawakaanga, akawatia ndimu na bizari, akawamiminia tui zito ili mchuzi ufike kwa wote. Harufu ile ilinitesa hadi wakati wa sala. Watu wangekataa kula, hitima yangu ingeishia kwa mbwa wa karani.

Baada ya sala watu wakakaa mikekani. Masinia yakaletwa. Ndipo babu akasimama, akiegemea goti lake zima.

"Kabla hamjanawa," akasema, "mjue bata hawa sikuwachinja mimi. Kawachinja mwenye hitima."

Huko upande wa wanawake nilisikia bibi akivuta pumzi. Karani ndiye aliyeanza. "Mtoto wa kike, mzee? Na wewe mwanamume ulikuwepo?" Wengine wakanong'ona, na mmoja akarudisha mkono uliokwishafika kwenye bakuli la kunawia.

Mwalimu wa chuo akaniita. Alikuwa mtu mkali, bakora yake tuliifahamu wote kwa ladha. Nikapiga magoti mbele yake.

"Ulimtaja Mungu?"

"Nilimtaja, maalim."

"Mara ngapi?"

"Mara tano. Kila bata na yake."

"Walikuwa hai?"

"Hawa walikuwa hai. Wawili walikuwa wamekufa."

"Na hao wawili wako wapi?"

"Tumewaacha bwawani."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akawageukia wageni. "Aliyewaacha wawili na njaa yake, mimi namwamini kwa hawa watano. Leteni maji." Akanawa, akakata tonge, akachovya, akala. Baada ya hapo hakukuwa na majadiliano, palikuwa na mikono. Punde karani akasimamisha taya, akatoa punje mdomoni, akainyanyua juu. "Mzee, haya si marisau ya ngedere?" Mkeka mzima ukaangua kicheko, na babu akacheka hadi machozi. Kule kwa wanawake bibi alinipakulia paja zima peke yangu, jambo ambalo hakulifanya tena maishani mwake. "Kula, mke mwenzangu," akasema. "Leo umenishinda."

Bwawa lile halipo. Mafuriko ya mwaka mmoja yalilijaza mchanga, na miaka ya vijiji vya ujamaa sote tukahamishiwa juu barabarani. Bata sijui walihamishiwa wapi. Bunduki babu aliirudisha mwenyewe polisi, macho yalipoanza kumdanganya, akaifuta kwa mafuta kabla ya kuikabidhi kana kwamba anamwosha mtoto wa kwenda kwa wajomba. Yeye, bibi na mwalimu wamekwishatangulia, Mungu awarehemu.

Lakini nikikaa peke yangu huwa narudi pale mkekani. Kule bwawani hakuna aliyetuona ila viboko wa mtoni. Babu angeweza kunyamaza, watu wangekula, wangeshiba, wangemsifu mwindaji, na mimi nisingedhani amenikosea. Badala yake alisimama mbele ya chakula kinachopoa, akaihatarisha karamu aliyoitaka kuliko nilivyoitaka mimi, ili kazi ya mkono wangu iitwe yangu. Sikumshukuru. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa na njaa. Ahsante, babu.