Binti Aliyesema Hajui

Juzi pale Mikumi, kwenye mgahawa wa kando ya barabara kuu, kwenye meza jirani na yangu walikaa watatu: mzee aliyekuja kukagua kozi ya shahada ya biolojia ya chuo kimoja, mhadhiri wa chuo hicho, na binti wa mwaka wa tatu. Kwa maongezi yao nilielewa kwamba mzee asiporidhika, kozi hiyo haitapokea wanafunzi wapya.

Ghafla kidudu cha kijani kikatua mezani. Mzee akakifunika kwa glasi.

“Haya mwanangu, huyu ni nani?”

Mhadhiri akaacha kutafuna. Binti akainama, akamtazama mdudu kila upande.

“Jina lake silijui, mzee. Ila mdomo wake ni wa kufyonza, kwa hiyo nadhani anaishi kwa utomvu wa mimea. Nikimpeleka maabara, kesho nitakuletea jina.”

Mhadhiri akafumba macho. Mzee akacheka mpaka mabega yakatikisika.

“Tangu asubuhi kila niliyemuuliza anajua kila kitu,” akamwambia mhadhiri. “Huyu mmemfundisha. Nitaandika muendelee.”

Mhadhiri akaagiza soda, na mimi jirani nikapata yangu. Nimehudhuria mikutano mingi ya wakubwa Kilosa, na bado namsubiri wa kwanza atakayesema hajui, halafu aende kutafuta jibu.